Porteur wa Kudumu

Nina hasira za karibu, wenzangu wa maabara wanajua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nachunguza homa ya ini. Maabara yetu iko Gitega, katikati ya Burundi, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Mushasha, lakini damu niliyoitafuta ilikuwa mkoani Muyinga, kuanzia Buhinyuza hadi Kobero, mpakani na Tanzania. Tulitoa damu asubuhi, tukaiweka kwenye barafu na kukimbia nayo Gitega kabla haijaharibika. Watu walinyoosha mikono wakidhani tunatibu, kumbe tulikuwa tunahesabu wagonjwa tu. Jambo hilo lilinikera, na hasira zangu zikawa zinaishia kwa dereva asiye na kosa.

Majibu tuliyaandika kwa Kifaransa, kwa kuwa karatasi zetu zote za kazi ni za Kifaransa na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Aliyekutwa na ugonjwa aliandikiwa *porteur chronique*, yaani amebeba ugonjwa na ataendelea kuubeba. Chini yake nikaongeza *contrôle: Gitega*, maana yake aje kwetu apimwe tena, aanzishiwe dawa. Nikagonga mhuri wa duara, nikatuma bahasha kwenye vituo vya afya, na kujiona nimemaliza kazi.

Mtu mmoja wa Kobero hakuja. Sikushangaa, wengi hawakuja. Alikuwa mbeba mizigo wa miaka thelathini na kitu, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kurudi na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, mimi mtoto wa Waislamu wa mjini, tuliolelewa kwa Kiswahili. Kifaransa hakukijua. Nilimkumbuka kwa sababu siku ya kutolewa damu aliniuliza kama ini likikatwa huota tena. Nilimjibu kwa mkato kwamba huota, nikamwita anayefuata.

Miaka miwili baadaye mke wake alimleta Muyinga siku niliyokuwa napima wagonjwa huko. Macho yalikuwa ya njano, tumbo limejaa maji, mikono imebaki mifupa. Niliweka mashine ya picha juu ya tumbo, nikaona ini limejaa uvimbe kila upande. Kabla sijamwonea huruma nilimkasirikia. Nilimuuliza, karibu kwa kumfokea, kwa nini hakuja alipoitwa.

Hakunielewa. Alivua kifuko cha kitambaa alichokuwa amekivaa shingoni, akatoa karatasi yangu. Ilikuwa imepigwa plastiki, mhuri unang'aa.

Pale mpakani kila mbeba mizigo anaitwa porteur. Neno hilo alilitambua mara moja, na kwenye kituo hakuna aliyemweleza kitu. Mengine alimpelekea mtu wa kubadilisha fedha, msomi wao pale Kobero, ambaye alimtafsiria bila wasiwasi: "We uko porteur chronique, ni kusema wa kudumu. Contrôle, ule ukaguzi, walishaifanya Gitega, iko bien." Basi akaivaa. Walinzi wa kizuizi cha mpakani waliuona mhuri wakampisha. Aliniambia kwa shukrani kwamba tangu aivae hakusumbuliwa hata siku moja.

Nilitamani kumlaumu yule wa kubadilisha fedha, lakini kila neno alilitafsiri kama linavyosemwa pale. Aliyeandika ni mimi.

Nilimweleza yote, polepole, kwa Kiswahili, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Alisikiliza huku ameshika ile plastiki kwa vidole viwili.

"Kwa hiyo wakati ule dawa ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Na sasa?"

Nilimwambia kwa ini lake haipo tena, si Gitega wala Bujumbura. Niliona aibu ambayo sijawahi kuizoea hadi leo. Aliirudisha karatasi kwenye kifuko na kukifunga.

"Mke wangu usimwambie habari ya karatasi, daktari. Kifuko hiki amekishona yeye."

Nilimwahidi, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Lakini mke naye alipaswa kupimwa, kwa hiyo nilitoka na sindano. Alikuwa ameketi kwenye benchi barazani. Nilimwambia tu kwamba ugonjwa wa mumewe huambukiza. Hakuuliza lolote kuhusu ugonjwa huo. Alikunja mkono wa gauni, akaniuliza kama naye atapewa karatasi yenye mhuri, maana mizigo sasa ataibeba yeye.