Dawa Juu ya Kutu

Wasomaji, nisameheni, kisa hiki nitakiharibu, maana nacheka kabla sijafika mwisho.

Kwenye gereji moja hapa Bariadi, mzee mchuuzi wa ng'ombe alileta pikapu ipuliziwe dawa ya kuzuia kutu. Mikojo ya ng'ombe wa mnadani ilikuwa imeitafuna chesisi. Fundi akaingia uvunguni, akagonga kwa nyundo, magamba yakamwagika.

"Baba, tukwangue kutu kwanza, tuchomelee, ndipo tupulizie."

"Ukikwangua kutu gari litabaki na nini? Kesho mnada, ng'wana wane, mwanangu! Pulizia!"

Fundi akasita, akatutazama sisi wateja tuliokaa kwenye benchi.

"We pulizia tu, nani atachungulia chini?" ikajibu sauti.

Akapulizia. Chesisi ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mzee akaondoka akipiga honi, na kwenye tuta la kwanza tu pikapu ikakatika katikati. Akarudi kwa miguu, fimbo mkononi.

"Nani alisema pulizia tu?"

Kama kawaida yetu, benchi zima likamtazama fundi. Nami nikamnyooshea kidole kabisa. Ningesemaje kwamba sauti ilikuwa yangu, na gari lililofuata kwenye foleni lilikuwa langu?