Matoka ya Shosho

Juzi, nikiwa nje ya waya wa hifadhi ya ziwa, niliona safu ya matoka ndani, yale maua ambayo watu wetu hupanda kwenye mpaka wa shamba. Nyati alikuwa amelala kando yake.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, ziwa likinuka magadi. Shosho, nyanya yangu, alipiga magoti akipanda matoka mbele ya vigingi vyeupe vya serikali, nami nikimletea maji. Nyundo za watu wa serikali ziligonga vigingi mahali karibu, zikanyamaza, zikagonga tena.

“Hawa watu wanataka nini, shosho?”

“Wanatafutia ndege mahali pa kukaa.”

Sikuelewa. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walijaa ziwani mpaka maji yakawa mekundu, na sikuwahi kuona hata mmoja akikosa mahali.

“Na matoka yatawazuia?”

“Hakuna mtu hung'oa itoka la mpaka. Laana itamfuata.”

Roho ikatulia kidogo. Kisha nikamwona Mzungu, mwenye shamba tulilolima, amesimama mbele ya bwana wa serikali, kofia mkononi. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake bila kofia. Aliongea kwa sauti ya chini, na yule bwana akatikisa kichwa.

Shosho aliacha kuchimba.

“Kama huyo anaomba,” akasema, “sisi hata hatutaulizwa.”

Halafu akaniambia nilete maji mengine. Alipanda mpaka mwisho wa safu.

Kuhusu matoka alisema kweli. Walituhamisha sisi, na hakuna aliyethubutu kuyang'oa.