Namna Arafa Alivyompata Mshauri Wake

Siku Hashimu alipomwambia kwamba wazee wake wangependa kuja kujitambulisha baada ya miezi mitatu, Arafa alifurahi mpaka akakata vibaya pazia la mteja. Jioni ileile akaanza kutafuta kasoro za Hashimu. Ilipofika Ijumaa alikuwa amezipata kumi na moja, mojawapo ikiwa kwamba anatafuna taratibu sana.

Naima, aliyekuwa akishona naye kwenye duka lao la mapazia mjini Dodoma, alimsikiliza akizitaja zote. Kisha akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Arafa, hizi ulizisema za Abdulkadiri pia," alimwambia. "Hata hiyo ya kutafuna."

Abdulkadiri alikuwa mchumba aliyemtangulia Hashimu, na kabla yake alikuwepo Rahimu. Wote wawili walikuwa watu wazuri, na wote wawili Arafa aliwaacha kwa namna moja: aliacha tu kupokea simu zao. Hakugombana nao wala hakuwaambia kwa nini. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, na huyu Hashimu, fundi umeme mpole mwenye asili ya Kondoa kama yeye, Arafa alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Ndiyo maana maneno ya Naima yalimwingia.

Usiku hakulala vizuri, ila asubuhi aliamka na jambo kichwani. Wiki kadhaa nyuma, akiwa anashona, alimsikia mama mmoja redioni akieleza kwamba mtoto mchanga hujifunza kwa anayemlea kama watu hubaki au huondoka, na somo hilo huenda nalo mpaka kwenye ndoa yake. Siku ile Arafa aliongeza sauti ya redio, kisha akaingia mteja na mambo yakaishia hapo. Sasa aliyakumbuka yote. Kumbe wapo watu ambao kazi yao ni hiyo. Akaamua kwamba kama yupo mmoja Dodoma, atampata, na uamuzi huo ukamchangamsha hata akafika dukani saa nzima kabla ya Naima.

Aliifanya kazi hiyo kama anavyotafuta kitambaa. Arafa hajawahi kununua jora bila kulikunjua. Kwenye daftari lake la vipimo vya madirisha, kurasa za nyuma, akaandika maswali: Umewahi kumsaidia mtu mzima aliyelelewa nyumba tofauti tofauti? Ulijifunza wapi? Utafanya nini siku nikiacha kuja?

"Unakwenda kusaidiwa au unakwenda kuajiri?" Naima alimuuliza.

Arafa alijibu kwamba vyote viwili.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Miyuji aitwaye Charles, ambaye mteja wao mmoja alimsifia sana. Alikuwa na ofisi safi na feni kubwa. Kabla Arafa hajafika katikati ya maelezo yake, Charles alikwishamwambia kwamba mwanamke wa umri wake hapaswi kuchagua sana, akaanza kumtajia mambo ya kumfanyia mwanamume ili atulie. Arafa alijaribu kumweleza kwamba Hashimu ametulia, anayehangaika ni yeye. Charles akasema matatizo ya ndoa yote ni mamoja. Arafa akamshukuru, akafunga daftari. Naima alidhani atarudi amenuna, lakini aliingia dukani akitabasamu, akasema sasa angalau amejua asichokitaka.

Wa pili alimpata kwa simu, dada kijana aitwaye Lulu. Huyo alimsikiliza mpaka mwisho, na alipoulizwa yale maswali hakuzunguka. Alisema yeye huwasaidia watu wanaoacha pombe, na hilo la Arafa alilisoma chuoni tu. "Nikikupokea nitakuwa najifunzia kwako, na haitakuwa haki," alisema. Kisha akampa namba ya mwalimu wake wa zamani, Nathanaeli, ambaye siku hizi anapokea watu nyumbani kwake Nzuguni. Arafa alimshukuru mara tatu, na alipokata simu akapiga palepale ile namba mpya. Akapewa Jumanne, saa nne.

Nzuguni aliijua vizuri, maana nusu ya nyumba mpya za huko madirisha yake aliyapima yeye. Nyumba ya Nathanaeli ilikuwa na uzio wa matofali usiopigwa lipu, na chumba cha pembeni chenye mlango wake. Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, amevaa makubadhi. Arafa alimwamkia shikamoo, na hata kabla ya kukaa akafungua daftari. Nathanaeli hakuonyesha kushangaa. Alijibu swali moja moja. Alitaja chuo, akataja miaka aliyofanya kazi na watoto waliotenganishwa na walezi wao, akasema wengi wa anaokutana nao sasa ni watu wazima wenye habari kama hizo. Lilibaki swali la mwisho.

"Na siku nikiacha kuja?"

"Nitakupigia mara moja," alisema Nathanaeli. "Sitakufukuzia. Lakini ningeomba kitu. Ukitaka kukimbia, njoo uniambie kwanza, halafu ukimbie."

Arafa akakaa.

Akamsimulia. Alizaliwa Busi, kule milimani Kondoa. Alikuwa na miezi minane mama yake alipokwenda Dodoma kutafuta kazi, akaachwa kwa shangazi yake, Kuluthumu, dada wa baba. Huyo ndiye aliyembeba mgongoni shambani na ndiye Arafa aliyemwita mama. Alipofika miaka minne, baba yake mdogo alikuja akamwambia wanakwenda kutembea Babati. Matembezi hayo yalichukua miaka miwili. Kisha akaambiwa tena wanakwenda kutembea, safari hii Dodoma, akakabidhiwa kwa mwanamke asiyemfahamu, ambaye ndiye mama yake mzazi. Alimaliza kwa kusema kwamba shangazi alimwachia tu aende, na kwamba hayo yote ni ya zamani.

"Kwa hiyo hakuna aliyekuaga," alisema Nathanaeli. "Wala wewe hukupewa nafasi ya kuaga."

Arafa alipotoka nje saa ilipokwisha, alisimama kando ya barabara akampigia Hashimu, akicheka na kulia kwa pamoja, akimwambia amempata mtu, amempata kabisa. Hashimu alikuwa juu ya ngazi kazini. Alishuka kwanza, ndipo akamwomba amweleze yote tangu mwanzo.

Tangu hapo Jumanne ikawa siku yake. Alikuwa akipiga pasi nguo usiku wa kuamkia siku hiyo, na akirudi alimsimulia Naima mpaka Naima akasema naye anaanza kuwaelewa ndugu zake. Arafa alijiona kama mtu aliyefunguliwa chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wiki ya sita Nathanaeli alimwambia kwamba atasafiri majuma mawili, mwanawe anahitimu chuo Mwanza. Arafa akasema hakuna shida, akamtakia safari njema. Njiani kurudi akaifuta namba yake. Akamwambia Naima kwamba yule mzee naye, kumbe, ni wa kawaida tu, kwanza anaongea kidogo mno, halafu viti vyake vigumu.

Naima alimtazama tu, na uzi mdomoni.

"Viti," Arafa alirudia, akajisikia anavyosema. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, kisha akaacha mkasi na pazia palepale, akachukua bodaboda kurudi Nzuguni. Alimkuta Nathanaeli anafunga begi lake.

"Nimefuta namba yako," alimwambia mlangoni. "Nilitaka kukukimbia. Nimekuja kukwambia kwanza."

Nathanaeli alimvutia kiti. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Ulipata lini kumwambia mtu hivyo?" aliuliza, na Arafa alipotafuta jibu akakuta hajawahi. Wakaongea nusu saa. Nathanaeli akamwandikia tarehe ya kurudi kwake na saa, na tarehe hiyo ilipofika alikuwa amerudi kweli.

Katika majuma yale mawili Arafa alimweleza Hashimu habari za kasoro zote, na za Abdulkadiri na Rahimu pia. Aliogopa sana kumweleza. Hashimu alisikiliza, akauliza kama kumi na moja ndizo zote au kuna nyingine anamfichia. Kisha akasema wazee wake wanaweza kusubiri. Arafa akamwomba kitu kimoja: kabla ya wazee kuja, waende Busi.

Walikwenda Jumamosi kwa gari aliloazima Hashimu. Shangazi Kuluthumu, aliyekwisha kuzeeka na kuwa mdogo wa umbo kuliko Arafa alivyomkumbuka, alikuwa uani anapukuchua alizeti. Baada ya salamu na chai, Arafa alikaa naye kwenye mkeka, akauliza bila kuzunguka kwa nini alimwachia aende Babati.

Bibi yule aliweka chini kichwa cha alizeti kilichokuwa mkononi.

"Mimi nilikuachia?" alisema. "Nilikuwa mnadani, mwanangu. Nimerudi na kigauni chako, nakuta nyumba kimya. Siku ya tatu ndipo nikaambiwa uko wapi. Nikapanda lori nikaenda Babati. Wakanikalisha barazani, wakasema mtoto ametulia, ukimwona utamliza. Nikarudi. Mwezi uliofuata nikaenda tena, wakasema vilevile. Na mimi hakuna aliyeniaga."

Arafa alikuwa amejiandaa kwa huzuni, na machozi yalimtoka kweli, lakini kilichomjaa kifuani kilikuwa kitu kingine, chepesi, kinachorukaruka. Akaanza kuuliza maswali kama mtoto. Lori lilikuwa la nani? Walimpa chai? Kigauni kilikuwa cha rangi gani? Shangazi alijibu yote, akashika mkono wake asiuachie. Kigauni kilikuwa cha njano, na alikivaa binti wa jirani. Hashimu, aliyekaa pembeni, akajikuta anapukuchua alizeti peke yake.

Kabla ya adhuhuri Shangazi alikwishakubali kuja Dodoma kuwapokea wazee, na alikwishauliza wataandaliwa chakula gani.

Uani simu haikushika mtandao. Arafa akapanda kilima nyuma ya nyumba, mbio, kanga mkononi, mpaka alipoona simu imeshika, akampigia Naima. Naima alipopokea alisikia upepo na mtu anayehema.

"Alinifuata," Arafa alisema. "Naima, unanisikia? Alinifuata mpaka Babati. Mara mbili!"