Kiduara Kilikuwa Bado Kinazunguka

Kiplangat alikuwa na maoni mengi kuliko mtu yeyote katika duka la Navin, na hakuna aliyewahi kuyasikia.

Duka lenyewe lilikuwa katikati ya mji wa Nakuru, hatua chache kutoka sokoni. Mbele Navin aliuza redio, nyaya na betri. Nyuma, mahali palipokuwa stoo zamani, alikuwa ameweka kompyuta nne, na watu walikuja kusoma barua pepe na kucheza gemu. Kiplangat alifagia, akabadilisha fyuzi, akafunga plagi zilizolegea, na stima ikipotea akawasha jenereta. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Shule yake iliishia darasa la saba kule Keringet, ambako mkewe Jepkorir bado alikuwa akilima viazi. Mteja akimwambia, "Sasa, boss?" yeye alitikisa kichwa tu na kuushika ufagio kwa nguvu zaidi.

Jirani yake katika mtaa wa Section 58, Bashir, alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Bashir aliuza vitambaa asubuhi, na alasiri alikuja kwenye kompyuta ya pembeni kusoma habari za siasa. Hakusoma kimya. Alibishana na kioo kana kwamba mbunge alikuwa amekaa ndani yake, mpaka wacheza gemu wakageuka kumtazama. Kiplangat alimsikiliza huku akipangusa meza. Mara nyingi aliona Bashir amekosea, na mara nyingi alijua hasa amekosea wapi, lakini maneno yalimfika kooni yakarudi.

Aliyegundua hali hiyo ni Sonal, binti ya Navin. Jioni moja mwanzoni mwa mwaka wa 2007, kabla hajaenda chuo kikuu, alimkuta Kiplangat kwenye kompyuta baada ya duka kufungwa, akiandika kwa vidole viwili barua isiyokuwa na wa kupelekewa. Hakumcheka. Alimfungulia ukurasa kwenye mtandao, akamuuliza auite jina gani. Kiplangat alifikiri sana, kisha akasema Mtu wa Keringet. Sonal akamwonyesha: unaandika hapa, ukimaliza unabonyeza hapa, halafu unangoja hiki kiduara kimalize kuzunguka. Kikishasimama, watu wanaweza kusoma.

"Watu gani?" Kiplangat aliuliza.

"Yeyote, mzee. Hata mtu wa Japani."

Tangu siku hiyo Kiplangat alikuwa na mahali pa kusemea. Kwanza aliandika kwa kalamu kwenye daftari la mistari, jioni nyumbani. Kesho yake, duka likifungwa, Navin alimwachia nusu saa, naye akanakili neno kwa neno. Aliandika kuhusu simu zinazotuma pesa, kwamba sasa Jepkorir anapata ya mbolea kabla hajamaliza kulalamika. Aliandika kwamba kompyuta ni mashine nzuri kwa mtu mwenye haya, kwa sababu haikukatizi ukiwa katikati ya sentensi. Yeye mwenyewe alicheza ile gemu ya mpira wateja wakiwa hawapo, na alikuwa ameumia sana aliposikia mhubiri wa redioni akisema gemu ni kazi ya shetani, basi akaandika kurasa mbili kuitetea. Chini ya ukurasa palikuwa na hesabu ya wasomaji. Ilipanda moja moja, na Kiplangat alijua hiyo moja ni yeye. Baadaye akaacha kuitazama.

Katika kazi yake kulikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa. Zamani waya uliwaka moto dukani watu wakiwa wamekwenda nyumbani, na tangu hapo Navin hakukubali kufunga mlango kabla swichi kuu haijashushwa. Kila jioni alisimama mlangoni na kusema neno moja, "Swichi," na Kiplangat alivuta ule mkono mwekundu ukutani, duka zima likanyamaza.

Uchaguzi wa Desemba ulipoharibika, Kiplangat aliandika habari ya mtoto anayechomoa waya. Alikuwa amewaona wengi dukani: gemu ikimwendea vibaya anasukuma mguu chini ya meza, waya unatoka, kioo kinazima, kisha anasema hakuna aliyefungwa kwa sababu mechi haikuisha. Na mwenzake aliyekuwa akishinda hana tena la kufanya ila kurusha ngumi. Hakumtaja mwanasiasa yeyote. Alisema tu kwamba yeye, mfagiaji, ndiye anayebaki kuokota vioo.

Mwishoni mwa Januari vurugu zikaingia mjini kwenyewe. Nyumba aliyopanga Namalwa, mama aliyeuza chai na mandazi mbele ya duka, iliteketea na kila kilichokuwa ndani. Namalwa alikuwa mtu wa Bungoma, na wiki ile watu wa kwao walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba. Alifika dukani na watoto wawili na sufuria moja. Navin hakumuuliza chochote. Alimpandisha orofani kwake, akampa chumba cha Sonal, akashuka kuendelea kuuza betri kwa wachache waliothubutu kuja.

Kiplangat aliliona jambo hilo, na likamjaa kifuani. Usiku aliandika daftarini kila kitu. Kesho yake kafyu ilikuwa imetangazwa na Navin alitaka kufunga mapema, lakini alimwachia dakika zake kama kawaida. Kiplangat akanakili kwa vidole viwili. Aliandika kwamba wanaosema wema umeisha Nakuru wamekosea, kwamba mama wa chai yuko salama na wanawe, orofani, juu ya duka la redio lililo karibu na soko, kwa mwenye duka, mtu mpole asiyejisifu. Akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka, polepole, kama kilivyozoea siku ambazo laini ya simu ilikuwa mbaya.

"Swichi," Navin alisema mlangoni, akitazama saa yake.

Kiplangat akavuta mkono mwekundu. Akaenda nyumbani na moyo mwepesi.

Siku iliyofuata, kama saa sita mchana, Bashir alikuja kubisha mlango wa Kiplangat, Section 58. Maduka yalikuwa yamefungwa na yeye hakuwa na pa kubishana, kwa hiyo aliingia akaketi na kuanza. Alisema serikali imeonya kuhusu ujumbe wa simu na mambo yanayoandikwa mtandaoni. Alisema kadi za simu zimekwisha mji mzima. Kisha akasema jambo ambalo kwa mwaka mzima Kiplangat alikuwa ameota kulisikia.

"Kuna mzee fulani anajiita Mtu wa Keringet. Ameandika habari ya mtoto kuchomoa waya, wallahi nilicheka peke yangu. Binamu yangu yuko Amerika, amenitumia. Huko wanamsoma wote. Na hapa mjini, hata wale vijana wa vizuizi vya barabarani wanaulizana atasema nini tena."

Kiplangat alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini taratibu. Vijana wa vizuizi. Mama wa chai, orofani, juu ya duka la redio lililo karibu na soko. Hakukuwa na maduka mawili ya namna hiyo.

Aliwaza kumpigia Navin, lakini simu yake haikuwa na hata senti, na hata kama ingekuwa nayo, ni yeye peke yake aliyejua kuingia kwenye ukurasa na kuifuta ile habari. Ilibidi aende. Na njia ya mjini ilikuwa na kizuizi, na wiki ile jina la Kikalenjini kama Kiplangat halikuwa la kutembea nalo ovyo. Ilibidi aende na mtu mwenye mdomo.

"Bashir," alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Akamweleza. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo mbele ya mtu, na aliyasema akiutazama mlango. Alipofika kwenye habari ya Namalwa, Bashir alikuwa ameshasimama.

"Miaka sita nabishana peke yangu mle ndani," Bashir alisema, akivaa viatu, "kumbe nina mtu wa kunijibu na anapangusa meza. Twende. Nitakutukana njiani."

Alivua kofia yake nyeupe akamvika Kiplangat. Ilikuwa ndogo, ikakaa juu ya kichwa kama kifuniko cha chupa. Akamwambia abebe koleo la nyaya na tochi, na wakiulizwa, yeye ni fundi wa stima, wanakwenda msikitini kutengeneza kipaza sauti. Asiseme kitu.

"Hiyo haitakusumbua," alimalizia.

Kizuizi kilikuwa mlingoti wa simu uliolazwa barabarani, na vijana saba au wanane. Mmoja alitaka vitambulisho. Bashir alimsalimia kama mtoto wa dada yake, akaanza kulalamika kuhusu kipaza sauti kinachokoroma, kuhusu fundi wa kwanza aliyekula pesa, na kuhusu huyu wa pili ambaye angalau ni mcha Mungu. Kijana alimtazama Kiplangat usoni.

"Na huyu mzee mbona haongei?"

"Yuko kwenye dhikri tangu asubuhi," Bashir alisema. "Mkatize, dhambi ni yako."

Kiplangat alikuwa akitetemeka midomo, kwa hofu tu. Kijana aliiona midomo ikienda, akasogea kando. Wakaruka mlingoti wakaendelea kutembea, na Bashir hakumtukana hata neno moja mpaka walipolifikia soko.

Duka lilikuwa bado limesimama. Mlango wa chuma haukuwa na hata mkwaruzo. Kiplangat aliutazama huo mlango kama mtu anavyotazama uso wa mtoto aliyekuwa na homa, lakini alijua mlango mzima si jibu. Huenda hawakuwa wameisoma bado. Walibisha, Navin akachungulia kutoka dirisha la orofani, akashuka kufungua. Alishangaa kuiona kofia. Kiplangat alipita moja kwa moja hadi ukutani, akapandisha swichi kuu, akakaa mbele ya kompyuta.

Kompyuta ilichukua muda wake kuamka. Laini ya simu ikalia ule mlio wake mrefu, ikakatika, ikalia tena. Ikabidi Bashir ndiye amweleze Navin mambo yalivyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bashir alieleza jambo kwa sauti ya chini. Navin alisikiliza. Akatazama ngazi ya kupanda juu.

Ukurasa ukafunguka kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari. Jina kwanza. Kisha kichwa cha habari ya mwisho.

Mtoto Anayechomoa Waya.

Kiplangat alishuka chini, akapanda tena. Akafunga ukurasa akaufungua upya. Akaingia kwa neno lake la siri akatafuta mle ndani, kidole kikifuata kila mstari kwenye kioo. Habari ya mama wa chai haikuwapo. Haikuwa imefika popote. Kiduara kilikuwa bado kinazunguka alipovuta swichi, naye katika furaha yake hakungoja kisimame.

"Haikutoka," alisema.

"Una hakika?" Navin aliuliza.

"Swichi iliikata."

Navin akaketi kwenye kiti cha wateja. Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na hawakujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua kichwa. Alikuwa akicheka. Bashir naye akaanza. Kiplangat hakuweza kucheka. Alihisi njaa, njaa kali, kama mtu aliyetoka shambani.

Kelele hizo zilimleta Namalwa ngazini. Alitaka kujua kuna harusi gani. Navin na Bashir walimtazama Kiplangat, wakamwachia. Kiplangat alitoa daftari kwenye mfuko wa koti, akafungua ule ukurasa, akampa. Namalwa alisoma akiwa amesimama, polepole, akirudia mahali pengine. Alipomaliza alilifunga daftari.

"Umenisifu," alisema. "Na umeniuza. Kwenye ukurasa mmoja."

"Nisamehe, mama."

"Nimesamehe. Weka hiyo daftari mahali pakavu. Siku nikipata nyumba nitakwambia, ndio uiandike." Akamtazama kichwani. "Na hiyo kofia umrudishie mwenyewe, inakubana akili."

Kafyu ilikuwa karibu. Bashir na Kiplangat walilala dukani, kati ya kompyuta, na Namalwa akawashushia chai katika ile sufuria moja.

Viongozi walitia sahihi makubaliano mwishoni mwa Februari. Katikati ya Machi Namalwa alipata chumba upande mwingine wa mji, akarudisha jiko lake mbele ya duka. Jioni moja, Navin akiwa mlangoni tayari na funguo mkononi, Namalwa aliingia akasimama nyuma ya kiti cha Kiplangat. Bashir alikuwepo pia, akisahihisha mambo ambayo hakuulizwa. Kiplangat alinakili habari yote kutoka daftarini. Hakubadilisha neno, ila aliongeza mstari mmoja mwishoni kusema kwamba mama huyo sasa yuko nyumbani kwake mwenyewe.

Akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Laini ilikuwa mbaya. Navin alifungua mdomo mlangoni, kisha akaufunga.

"Hakuna mtu kugusa swichi," Namalwa alisema.

Wakabaki wote wanne wakikitazama, mpaka kikasimama chenyewe.