Mfungueni Kwanza

Walimleta mwanamke mmoja mchana kwa pikapu iliyotoka upande wa Laare, mikono imefungwa kamba ya katani. Mimi ndiye niliyekuwa nesi wa zamu katika chumba cha dharura cha wagonjwa wa akili, hospitalini Meru. Mumewe alishika kamba. Mama mkwe alibeba mtoto mchanga aliyekuwa akilia njaa.

"Sista, mdunge sindano alale," mume akasema. "Amepagawa. Kila tukigeuka anatoroka."

"Mfungueni kwanza."

"Atakupiga!"

"Mlinzi yuko hapa, na mimi niko karibu na mlango. Mfungueni."

Mume akafungua kamba. Hofu nilikuwa nayo, sikatai. Lakini nilimtazama tangu alipoteremshwa: hakurusha mateke, hakutukana mtu. Macho yalimfuata mtoto, kisha yakaruka pembeni kama ya mtu anayeitwa. Nikaondoa mkasi na stendi ya dripu, nikaketi, nikamsalimu kwa Kimeru. Nikampa maji. Akamaliza kikombe, akanyoosha mkono aongezewe.

Nikampima. Homa hakuwa nayo, presha na sukari zilikuwa sawa. Ndipo nikamuuliza taratibu, "Mama, kuna sauti unazisikia ambazo sisi hatuzisikii?"

Akamtazama mtoto.

"Zinasema huyu si mtoto wangu. Zinasema nimtupe mtoni." Akanishika mkono, akaufinya. "Mimi sitaki, sista. Ndiyo maana nakimbia."

Mume akaketi sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama. Alidhani mkewe anaikimbia nyumba, kumbe alikuwa akijiweka mbali na mtoto asije akamdhuru.

"Umefanya vizuri kuniambia," nikamwambia. "Huu ni ugonjwa. Huwapata akina mama wengine wakishajifungua, na unatibika."

Nikamwita daktari, nikamweleza kila neno. Mama alilazwa siku hiyo hiyo, akaanzishiwa dawa, na hatukumwacha peke yake hata kidogo. Mama mkwe akabaki na mjukuu.

Wiki kadhaa baadaye nilisikia kicheko kwenye foleni ya kliniki. Alikuwa yeye, amenenepa, mtoto mgongoni, mume nyuma yake na mfuko wa nduma za shambani kwao.

"Sista, mpakate!" akaniambia. Kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakingoja, akawaeleza kwa Kimeru ugonjwa uliompata na jinsi alivyopona, bila kuinamisha kichwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Foleni nzima ikafuata, na mtoto akashtuka, akaanza kulia, na hakuna aliyejali.