Kigingi cha Mkarafuu

Mzee Borafya alipofika kituoni, bunduki ilikwishalazwa mezani juu ya gazeti. Mafundi waliokuwa wakibadilisha boriti zilizooza katika nyumba moja ya Malindi ndio walioikuta darini, imeviringwa gunia. Nyumba hiyo Borafya aliijua. Mdogo wake, marehemu Mbarouk, alipanga chumba humo.

Inspekta Khairat alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Alama zote zimesagwa kwa tupa, alimweleza. Hakuna nambari wala muhuri, na hakuna ajuaye imetoka wapi. Ndipo wakamkumbuka yeye, aliyekuwa fundi wa silaha kambini mpaka alipostaafu.

Aina yake haikumpa tabu. Ilikuwa raifali ya Kiingereza, miongoni mwa zile zilizobaki baada ya vita vya Wazungu, ambazo kambi ilizirithi. Lakini zilikuwa nyingi, na nyingine zilitawanyika kisiwani kwa njia zisizojulikana. Borafya alitamani iwe mojawapo ya hizo.

Maana moja ilipotea katika ghala la silaha kambini, na Mbarouk ndiye aliyekuwa mlinzi wa zamu. Alifukuzwa kazi. Watu wakaacha kumwitikia salamu. Borafya, kwa uchungu wa ndugu, alikusanya masheikh nyumbani kwake Mpendae ikasomwa Halbadiri, kisomo cha kumwapiza aliyeiba, ili ukweli udhihiri na jina la ndugu yake lisafike. Mbarouk alikaa mkekani pamoja nao. Aliitikia amin kama wengine, ingawa kwa sauti ndogo. Masika hayajesha akaanza kuvimba tumbo, na hakuinuka tena. Mtaani walisema kisomo kimemshika, amekufa mwizi. Borafya na mjane, Bi Tahiya, walisema ameuliwa na fedheha ya kusingiziwa, na kwa neno hilo wakazeeka.

Asubuhi hiyo, alipotoka kuja kituoni, Bi Tahiya alimsindikiza mpaka mlangoni.

"Macho yako yashachoka, shemeji," alimwambia. "Ukisema huioni vizuri, nani atakulaumu?"

Sasa Borafya aliomba bisibisi. Raifali iliyopotea ilikuwa na ufa kwenye kitako, na yeye mwenyewe ndiye aliyeushika kwa kigingi cha mti wa mkarafuu, kwa kuwa siku ile hakupata mti mwengine. Kichwa cha kigingi kilifichika chini ya kibati cha kitako. Alifungua skrubu, kibati kikabanduka na kutu yake. Macho hayakuwa na kazi hapo. Alipapasa kwa kidole gumba, akakikuta kigingi, kimekatwa upande kwa kisu kibutu, kama alivyokiacha.

"Unaijua, mzee?" aliuliza Khairat.

"Ni ya ghalani. Ndiyo ile iliyopotea."

"Una hakika?"

Borafya alikigusa tena kigingi.

"Kazi ya mkono wangu hii, mwanangu."

Alimkuta Bi Tahiya barazani akichambua mchele. Borafya alikaa kando yake, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo ile, na mikono ya yule mama ikasita ndani ya ungo.

"Mimi nlikuomba kisomo kile usikisome," alisema.

Borafya alikumbuka. Siku zile alidhani shemeji yake anaogopa maneno ya watu tu, kumbe alimwogopea mumewe. Bi Tahiya akaendelea kutoa chuya, mojamoja, na wala hakulia.