Jiwe la Kumuaga Kima

Hata leo nakumbuka, mwanangu, ile Jumamosi niliyomwona Daktari Nyokabi akimrushia mawe kima aliyemlea kwa chupa. Nilipigwa na butwaa. Nilisimama pembeni mwa msitu na kikapu cha viazi vitamu mkononi, nikadhani mama wa watu amerukwa na akili. Umeniomba nikutafutie nafasi ya kujitolea kwenye kituo cha wanyama, na nitakutafutia, lakini kwanza nisikilize.

Wakati huo nilikuwa kijana wa rika lako, karani wa duka la vitabu katikati ya jiji, nikilala kwa mama yangu mtaa wa Woodley. Kila Jumamosi nilishika Ngong Road kwenda kituo kinachookoa wanyama wa pori walioumia. Usidhani kazi ilikuwa kuwabembeleza. Nilifagia vizimba na kukatakata kabichi mpaka nikawa nanuka kabichi hata kanisani Jumapili. Daktari Nyokabi, mwenye kituo, alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, mama mrefu wa maneno machache, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mnyama hasemeshwi, kwa sababu akizoea watu, watu watamuua. Mimi niliyelelewa na mama ambaye hata msoma mita ya maji hatoki kwake bila chai, niliona huo ni ukosefu wa adabu. Unaingia mahali, husemi hata "sasa"?

Sheria ilimshinda mwenyewe. Aliletewa kima mchanga kutoka mtaa wa kitajiri wa Lavington, ambaye mama yake alikufa kwa kushika nyaya za stima juu ya ukuta wa jumba moja. Mtoto alipona, ila ncha ya mkia iliungua ikabidi ikatwe. Kima wa umri ule asiposhikwa hufa, basi Daktari akamfunga kifuani kwa leso, akamnywesha maziwa, akatembea naye hivyo kwa miezi. Nilimsikia akimwimbia pambio akidhani niko mbali. Nilifurahi, nakwambia kweli, kumwona mkubwa akivunja sheria yake.

Mtoto huyo alipokua aliwekwa na kima wenzake kwenye kizimba kikubwa, wakazoeana, na siku ya kuwaachilia ikafika. Tukafungua mlango pembeni mwa msitu. Wenzake wakaparamia miti bila kugeuka. Yeye akatoka polepole, akatazama juu, kisha akaja moja kwa moja kwa Daktari, amenyoosha mikono abebwe.

Hapo ndipo Daktari alipookota jiwe.

La kwanza lilimpiga begani. Kima akapiga ukelele, akakaa chini, akamtazama. Hakukimbia. Nadhani hakuelewa kabisa, na mimi pia sikuelewa. La pili likampata mguuni. Nikaangusha kikapu, nikamshika Daktari mkono.

"Daktari, huyu si ni mtoto wako?"

"Ndio. Chukua jiwe."

"Mimi siwezi."

"Nimekwambia chukua jiwe, kijana. Hata wewe amekuzoea."

Nikaokota donge la udongo, nikalirusha kando yake kabisa. Daktari akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Umemkosa makusudi," akasema. "Yule mwenye mahindi pale chini hatamkosa."

Nikatazama alikoonyesha. Chini ya msitu kulikuwa na shamba la mahindi, na mtu ameshika panga akitutazama. Kisha Daktari akaniambia kwa haraka, bila kuondoa macho kwa kima, kwamba kabla sijaja kituoni alilea mwingine, akashindwa kumfukuza. Yule aliteremka hadi kwenye nyumba za watu, akamnyooshea mikono mtu wa kwanza aliyekutana naye. Daktari alirudishiwa mzoga wake ndani ya gunia.

Nikaokota jiwe la kweli, nikarusha, likampata mgongoni. Sauti aliyotoa bado naisikia, mwanangu. Tukarusha pamoja, mama mzee na kijana, tukipiga kelele kama wendawazimu, mpaka akapanda mti, akazidi kupanda, majani yakamfunika.

Nilipofika nyumbani mama alinipakulia chakula kikanishinda, nikalia mbele yake na umri ule wote. Niliapa sirudi. Jumamosi iliyofuata nilikuwa pale pale na kisu cha kabichi, nikitaka tu kujua kama yu hai, na hakuna aliyejua.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokuwa zimeanza, tulikwenda msitu ule ule kumwachilia bundi. Kundi la kima lilikuwa chini likiokota matunda. Mmoja akainua kichwa, na mkia wake haukuwa na ncha. Alitutazama. Kisha akalia kwa ukali kuwaonya wenzake, akaruka mtini, na kundi zima likamfuata.

Nikamgeukia Daktari nikitarajia huzuni. Alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola.

"Ametukimbia," akasema. "Umeona vile ametukimbia?"

Sijawahi kushangaa vile, kabla wala baada. Mtu anakimbiwa na aliyemlea kifuani pake, na anamshukuru Mungu kwa sauti. Njiani tulisimama akanunua mandazi, yeye ambaye siku zote hubeba chupa yake ya chai na haoni sababu ya kununua chochote barabarani.

Sasa wewe umeniambia wanyama wanakupenda, na umenionyesha kwenye simu picha za watu waliokumbatia nyani. Nenda, nakuunga mkono. Lakini usiende kutafuta wa kukupenda. Wa kukupenda tupo hapa nyumbani, hata ukitununia. Nenda kafagie, kakate kabichi, kanyamaze. Ukilea, lea ili aweze kuishi bila wewe, awe mnyama au mtoto wa mtu. Na siku ya kumwachilia ikifika, usimkose makusudi ili ubaki mzuri machoni pake.

Mungu akupe mkono mpole wa kulea, na akupe nguvu ya kuachilia. Akufikishe siku utakayosimama chini ya mti, uliyemlea akuone, akukimbie, nawe urudi nyumbani ukiimba.